Moksha katika Tantra: zaidi ya kufika kileleni

Ukitafuta Tantra, mapokeo ya kale ya kiroho ya India, mtandaoni leo, kwanza utakutana na matangazo ya masaji na kozi za kuwafundisha wenza kuchelewesha kilele. Sina ugomvi na wanaotaka raha katika mapenzi yao. Ninachokipinga ni dai kwamba kilele hicho, kikirefushwa vya kutosha, ndicho moksha yenyewe, yaani ukombozi. Walioandika na kufafanua mafundisho haya huko Kashmir, kati ya karne ya 9 na ya 11, walieleza kwa makini sana ukombozi ni nini na mtu anakombolewa kutoka wapi. Tuwasikilize wao.

Nazungumzia Trika, mapokeo ya ibada ya mungu Shiva na Shakti, nguvu yake ya kike, yaliyojengewa hoja na Utpaladeva, kisha Abhinavagupta, kisha mwanafunzi wake Kshemaraja. Zipo Tantra nyingine, za Kibudha kule Tibet na Nepal, na za Bengal, nazo zina hesabu zake.

Ni lazima kuanza na kifungo. Trika inataja mala tatu, yaani vizuizi vitatu vinavyomfunika mtu. Anava mala ni kujiona mdogo na mpungufu: ufahamu usio na mpaka unajichukulia kuwa kijisehemu kinachokosa kitu. Mayiya mala inafuata hapo: mimi niko huku, dunia iko kule, na kila kilichoko kule si mimi. Karma mala inakuja mwisho: huyu mimi mdogo anajiona ndiye mtendaji, anatenda ili azibe upungufu wake, na tendo linamzalia matunda ambayo lazima ayale. Tazama jinsi zinavyotegemeana. Ya tatu haiwezi kusimama bila ya pili, wala ya pili bila ya kwanza.

Sasa kiweke kilele cha ngono katika mpangilio huo. Kinatuliza hamu moja kwa muda, na hamu hiyo ni tawi la upungufu, si mzizi wake. Anava mala haijaguswa. Ndiyo maana hamu hurudi ileile, pengine baada ya siku, pengine baada ya saa, na kumkuta mtu yuleyule.

Je, mzizi unang'olewaje? Hapa wanatantra wenyewe walibishana. Wafuasi wa Shaiva Siddhanta, dhehebu jingine la waabudu Shiva, walisema mala ni kitu halisi kilichoshikamana na roho, kwa hiyo kujua tu hakukiondoi. Kinahitaji tendo, na tendo hilo ni diksha, yaani ibada ya kumwingiza mwanafunzi. Katika diksha kubwa ya nirvana, uzi hutundikwa kutoka utosini hadi kidole gumba cha mguu wa mwanafunzi. Ngazi zote za uhai, kuanzia ardhi hadi Shiva, ambazo kwa jumla ni tattva 36, huwekwa juu ya uzi huo kwa mantra, yaani maneno matakatifu. Guru huukata sehemu kwa sehemu na kuutia motoni. Mwanafunzi akifa, anakuwa sawa na Shiva ingawa anabaki nafsi ya peke yake. Katika ibada yote hiyo, iliyoaminiwa kuleta moksha, hakuna ngono hata chembe. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wapo walimu wanaomwambia mwanafunzi kwamba kulala nao ndiko kuingizwa katika Tantra. Ukisikia maneno hayo, ondoka.

Abhinavagupta aliiheshimu diksha lakini hakukubali kwamba mala ni kitu. Kwake ni kutojua, na kutojua kuko kwa namna mbili. Kumoja kumo katika nafsi yenyewe, kule kubanwa kwa ufahamu ambako hakuwezi kufikiwa na fikra. Hiki ndicho ambacho diksha inakata. Kwingine kumo katika akili: mawazo, mazoea, na imani kwamba "mimi ni mwili huu na historia yake". Hiki kinaondolewa kwa ujuzi sahihi tu, kwa kusoma, kutafakari na kufanya mazoezi. Mwenye diksha asiye na ujuzi huo atakombolewa akifa. Mwenye vyote viwili anakombolewa angali hai, na hali hiyo ndiyo jivanmukti.

Kshemaraja aliieleza jivanmukti katika sutra, yaani kauli fupi, ya 16 kati ya 20 za kitabu chake kifupi cha utambuzi. Kiini chake ni uthabiti: mwili, pumzi na vitu vya nje vinaendelea kuonekana kama kawaida, lakini kujitambua kuwa ni ufahamu wenye furaha hakuyumbi. Hilo ndilo la kushika. Dunia haipotei, hisia hazizimwi, na hakuna tukio kubwa la mwili linalotakiwa. Kipimo ni kama utambuzi unabaki raha ikiisha, na unabaki maumivu yakija.

Utpaladeva alitoa mfano wa mwanamke aliyempenda mwanamume kwa sifa zake alizozisikia, ingawa hajawahi kumwona. Kwa maombi mengi mwanamume yule anakuja na kusimama mbele yake. Mwanamke hafurahi, kwa kuwa anamwona kama mtu wa kawaida tu. Siku anapotambua kwamba sifa zile ni za huyu aliye mbele yake, moyo unajaa. Hakuna kilichoongezwa katika chumba kile, wala hakuna aliyesogea. Kilichobadilika ni utambuzi.

Ngono basi ina nafasi gani? Ipo, na sitaificha ili kuwapendeza wenye aibu. Tantraloka, kazi kubwa ya Abhinavagupta, ina sura 37, na sura ya 29 inaeleza ibada ya Kula (jina la Kisanskriti la tawi la Tantra, si kitenzi chetu cha kula) yenye pombe, nyama na tendo la ndoa. Ilikuwa ya siri, kwa watu waliokwisha kufundishwa. Wanaovitumia vitu hivyo kwa uroho wa raha wanalaaniwa humo waziwazi.

Ukitaka kuona mantiki ya jambo lenyewe, nenda kwenye Vijnana Bhairava, andiko linalofundisha njia 112 za kuingia katika ufahamu mpana. Soma beti za 69 hadi 74 kwa mfululizo, usichomoe mmoja. Wa 69 unataja furaha ya muungano na mwanamke. Wa 70 unasema furaha hiyo hufurika hata mwanamke asipokuwepo, kwa kuikumbuka tu. Wa 71 unataja furaha ya kumwona ndugu baada ya muda mrefu, wa 72 chakula na kinywaji, wa 73 wimbo, na wa 74 mahali popote akili inapotosheka. Ubeti wa 70 ndio unaovunja dai la masaji: kama kumbukumbu inatosha, basi furaha haikutoka kwa mwili wa mwingine. Ilikuwa yako. Ubeti wa 118 unakwenda mbali zaidi na kutaja mwanzo na mwisho wa chafya, hofu, huzuni, na kukimbia kutoka vitani. Kinachoziunganisha hali hizo ni kwamba kwa kitambo kifupi mawazo ya "nataka hiki, sitaki kile" yanakatika, na ufahamu unabaki wazi bila kazi. Wengi wetu tunakipita kitambo hicho bila kukiona.

Njia ya chakula ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza, kwa sababu haina hatari wala haya. Chukua embe lililoiva, vipande vitatu vinatosha. Weka kimoja mdomoni na utafune polepole. Ladha ikifika kilele chake, acha kulifuata embe; uelekeze usikivu kwenye raha yenyewe, na kutoka hapo kwenye kile kinachoijua raha. Kaa hapo mpaka ladha iishe kabisa, halafu kaa kidogo zaidi. Huko baada ya ladha ndiko penye somo, kwa kuwa raha imeondoka na mjuaji wake bado yupo. Kosa la kawaida ni kuchukua kipande cha pili kabla ya cha kwanza kuisha. Hapo umerudi kwenye karma mala, unakimbilia kujaza.

Zoezi la msingi, hata hivyo, ni la pumzi, katika ubeti wa 24 wa Vijnana Bhairava. Vitabu vya zamani vinahesabu pumzi 21,600 kwa usiku na mchana, yaani 15 kwa dakika, kwa hiyo nafasi hazikosekani. Keti wima. Pumzi ikitoka, ifuate hadi inapoishia, vidole 12 kwa upana kutoka puani; pahali hapo panaitwa dvadashanta. Ikiingia, ifuate hadi moyoni. Katika kila ncha, pumzi inageuka, na kabla haijageuka kuna utulivu mdogo. Usikivu wako ukae hapo.

Wanaokosea hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza hubana pumzi ili kuurefusha ule utulivu. Watapata kizunguzungu na kichwa kuuma, na akili itashughulika na hofu ya kukosa hewa badala ya kutulia. Pumzi iachwe iende yenyewe. Kinachorefuka, baada ya wiki nyingi, ni uangavu wa usikivu. Wa pili huzama katika usingizi mtamu na kuuita samadhi, yaani utulivu kamili wa ufahamu. Dalili yake ni kwamba hukumbuki mgeuko wa pumzi hata mmoja kati ya kumi iliyopita. Fumbua macho nusu, fanya dakika 10 badala ya 30, na usikae baada ya mlo mzito.

Iko pia hatari ya wale wanaofanikiwa. Utulivu ukiwa mtamu, mtu huanza kuutafuta kama alivyoutafuta ule mshindo, na hukasirika watoto wakipiga kelele. Amehamisha uraibu tu. Kwa sababu hiyo Kshemaraja, katika sutra ya 19, anaweka uzito wote kwenye kutoka: samadhi isiyokoma hupatikana kwa kurejea tena na tena kwenye umoja na ufahamu wakati wa kuinuka, harufu ya samadhi ikiwa bado ipo. Kwa hiyo tenga dakika mbili za mwisho kwa ajili ya hilo. Fumbua macho, sikia sauti za nje, sogeza vidole, simama, tembea hatua chache, na katika kila kimoja tambua kwamba kinaonekana ndani ya ufahamu uleule uliokuwa kati ya pumzi mbili. Ukipotea, ambako ni mara nyingi, pumzi inayofuata ina ncha zake mbili.