Kumeza dawa si kukosa imani

Katika makanisa yetu mengi mgonjwa hubeba mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na macho ya wapendwa wanaojiuliza mbona haponi.

Dhana: Ukishaombewa, acha dawa. Ukiendelea kumeza, unamtilia Mungu shaka.

Hii ndiyo inayoua. Somo la mfalme Hezekia liko wazi: Mungu alikuwa ameshaahidi kumponya, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20). Paulo, ambaye hata leso zake ziliponya wagonjwa, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Na hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, zilizofunguliwa mwaka 1971, ni kazi ya makanisa.

Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mchungaji Ambilikile Mwasapila, “Babu”, kwa shilingi 500, na baadhi ya wenye VVU wakaacha dawa zao za hospitali. Dawa hizo za hospitali huzuia virusi visizaliane, lakini haziviondoi vyote. Vingine hujificha ndani ya seli. Ukiacha kumeza, vinaanza upya, hata kama unajisikia una nguvu za kulima.

Yesu aliwatuma wale kumi wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kumkagua mtu na kumtangaza kuwa safi. Basi aliyeombewa arudi kliniki akapime kabla ya kusimama kutoa ushuhuda, na dawa aiache kwa kauli ya daktari. Mungu aliyeponya kweli haogopi kipimo.

Dhana: Mgonjwa ana dhambi iliyofichika.

Wanafunzi waliuliza hivyo hivyo kuhusu kipofu. Yesu akajibu, “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake” (Yohana 9:3).

Dhana: Uponyaji uko kwenye mafuta ya mtumishi fulani.

Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao waje wamwombee na kumpaka mafuta. Wao ndio wanaomwendea. Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako. Inauma sana, kwa sababu walikwenda kutafuta uzima.

Dhana: Asiyepona hana imani, yuko mbali na Mungu.

Soma tena Yakobo 5: imani inayotajwa pale ni ya wanaoomba. Mgonjwa ameagizwa kuita tu. Kwa nini basi lawama zimwendee yeye? Paulo alimwacha mwenzake Trofimo mjini Mileto akiwa mgonjwa, na kuhusu mwiba wake mwenyewe, yaani teso la mwilini, aliomba mara tatu, akajibiwa, “Neema yangu yakutosha.” Mwiba ulibaki, na Bwana alikuwa akiongea naye.

Kwa hiyo ukienda kumwona mgonjwa, usimhoji. Mwombee, kisha umuulize kama ana nauli ya kliniki.