Ukishuka Makumbusho, usiishie stendi

Kila siku maelfu ya watu wa Dar es Salaam hutamka neno "Makumbusho" bila kukumbuka chochote. Konda anaita, abiria wanabanana, gari linafika mwisho, watu wanatawanyika: huyu anakimbilia bodaboda, yule anaunganisha gari la Tegeta. Stendi imepata jina kwa jirani yake, Kijiji cha Makumbusho, ambako tangu miaka ya 1960 zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania. Huwa nawauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu, watu waliopita pale karibu kila wiki, ni wangapi wamewahi kuingia ndani. Mikono inayonyanyuka ni michache, na mingi ya hiyo ni ya waliopelekwa walipokuwa shule ya msingi.

Mimi ni mtaalamu wa malikale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Sehemu ya kazi yangu ni kuongoza matembezi ya sanaa na urithi kwa jumuiya ya chuo, na ninaposema jumuiya simaanishi wanafunzi na wahadhiri peke yao. Wamo wapishi wa kafeteria, walinzi, madereva, makarani na watoto wao. Basi likijaa wahadhiri watupu, matembezi hugeuka semina, na semina tunazo za kututosha.

Kosa la kwanza la ziara nyingi za vyuo ni ulafi. Ratiba inaandikwa Makumbusho ya Taifa, Boma la Kale, makanisa mawili, Kariakoo, Mwenge na chakula cha mchana ufukweni, vyote siku moja. Jioni watu wanarudi na picha mia mbili kwenye simu, na ukiwauliza waliona nini wanakwambia jua lilikuwa kali. Sisi tunakwenda sehemu mbili, zikizidi sana tatu, tena watu wasiozidi kumi na watano kwa kiongozi mmoja. Na mbele ya kila kitu kiongozi haanzi kwa kueleza. Anauliza.

Chukua pale Kijiji cha Makumbusho. Tunasimama mbele ya tembe la Wagogo, halafu mbele ya msonge wa Wahaya, na swali ni moja: kwa nini huyu kaezeka paa bapa la udongo, na yule kashusha nyasi karibu na ardhi? Watu hubishana. Kisha mmoja anakumbuka kwamba Dodoma mvua ni ya kubahatisha na Kagera inanyesha sehemu kubwa ya mwaka. Mwingine anaona kwamba tembe linazunguka ua, na uani ndiko mifugo hulala salama. Kufikia hapo mimi sijasema kitu, na wao wameshasoma hali ya hewa, uchumi na ulinzi kutoka kwenye paa. Ningeanza mimi kuhutubia, nusu yao wangekuwa kwenye WhatsApp.

Mjini kati ndiko ninakopapenda zaidi, nakiri. Ukitoka Mlimani, panda daladala mpaka Ubungo, kisha mwendokasi wa Kivukoni, ushuke Posta ya Zamani. Fika saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijaanza ukorofi. Boma la Kale liko hapo hapo Barabara ya Sokoine. Lilijengwa 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeuanzisha mji huu kando ya kijiji cha Mzizima. Majid alifariki 1870, ndoto yake ikalala, na mji haukuamka sawasawa mpaka Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kuta za Boma ni za mawe ya matumbawe, nene, na mlango ni wa kuchongwa. Tia kiganja ukutani saa sita mchana uone ulivyo baridi.

Hapo huwa naeleza jambo moja la sheria, maana ndilo linaloamua nini kitabaki na nini kitavunjwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. La baada ya hapo halina kinga hiyo mpaka litangazwe rasmi kuwa urithi. Sasa piga hesabu. Boma, jengo kongwe kuliko mengi katikati ya mji, limeukosa mstari huo kwa miaka mitatu tu. Karibu kila kitu unachokiita mji mkongwe wa Dar es Salaam, yakiwemo makanisa ya Kijerumani ya mwisho wa karne ya 19 na maduka ya Wahindi ya mitaa ya Kisutu, kimezaliwa baada ya mstari. Kwa hiyo jengo la zamani likizungushiwa mabati, usidhani sheria lazima imevunjwa. Mara nyingi hakuna aliyewahi kuliombea ulinzi, na kuomba huko huanza na mtu anayejua kilichopo.

Kutoka Bomani tunatembea hadi Sanamu ya Askari, pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe. Hapa tunakaa karibu saa nzima, na wapita njia wanatushangaa. Sanamu hii ya shaba, ukumbusho wa askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, na ilizinduliwa 1927. Mahali hapo kabla yake palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliing'oa baada ya kuutwaa mji mwaka 1916. Kila mtawala kaja na shaba yake.

Naomba watu wazunguke msingi wa sanamu wasome. Maneno yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Aliyepitia madrasa hupata nafasi ya kuwa mwalimu kwa dakika kumi, na mara nyingi huyo ni mlinzi au mpishi na si profesa. Maandishi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Watu wakishamaliza kusoma ndipo ninauliza: haya, majina yako wapi?

Hakuna hata moja. Ahadi ya kukumbukwa jina imechongwa kwenye mnara usio na jina la mtu.

Baada ya hapo hatupandi gari. Tunakwenda kwa miguu mpaka Kariakoo, kama nusu saa hivi, kwa sababu wapagazi nao walitembea. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, kambi yao ilikuwa huku, na ulimi wa Mswahili ukaigeuza Kariakoo. Walibeba risasi, unga na majeruhi katika vita hivyo, ambavyo njaa na maradhi viliua wengi kuliko bunduki. Mtu aliyekuwa akija hapa kununua vitenge tangu utotoni husimama katikati ya msongamano wa mikokoteni na wabeba mizigo, akatazama mabega ya wale vijana, akanyamaza. Soko lenyewe, lenye paa la zege mithili ya miamvuli, ni kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, ya miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021. Angalieni mikoba yenu hapa, tafadhali. Historia haimzuii kibaka.

Upande wa sanaa tunaanzia Mwenge, kwa wachonga vinyago, kwa sababu ni karibu na chuo na kwa sababu ni mahali pa kujifunza kununua. Mpingo halisi ni mzito mno. Ukiutupa majini unazama. Kiini chake ni cheusi, na kando yake hubaki utepe wa rangi ya maziwa ambao mchongaji huuacha kwa makusudi. Kinyago chepesi, cheusi tii pande zote na kinachonukia dawa ya viatu, kimepakwa. Hilo si lazima liwe dhambi, mti mwingine nao ni mti, ila usilipe bei ya mpingo. Na kabla ya kupiga picha, omba. Hawa wako kazini.

Siku moja nilikuwa naeleza barakoa za mapiko, naeleza kwa raha zangu zote, dereva wetu akanigusa bega. "Mwalimu, samahani. Sisi Wamakonde hiki hatukioni mezani." Akatueleza jinsi mapiko hutokea ngomani kipindi cha jando, na jinsi watoto na wanawake hawakutakiwa kujua ni nani yumo ndani. Mchongaji aliyekuwa kaketi pembeni akaweka tezo chini, wakaanza kuongea Kimakonde. Muda wangu wa maelezo uliishia hapo, na sikuudai.

Tingatinga inapatikana Msasani, kwenye ushirika wa wachoraji ulioandikishwa 1990. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana na ndivyo mfuko ulivyoruhusu. Alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine, akafa 1972. Aliwaachia mtindo huo ndugu na wanafunzi wachache, na wao wakawafundisha wengine. Wageni hulalamika kwamba picha zinafanana. Zinafanana kwa sababu mwanafunzi hujifunza kwa kurudia kazi ya fundi wake, kama mtoto wa taarab anavyoanza kwa kuimba nyimbo za wakubwa. Mwulize mchoraji alijifunza kwa nani. Baada ya muda utaanza kutofautisha mkono na mkono.

Kunduchi huwa naiweka mwisho, na haifai kuunganishwa na sehemu nyingine. Ni magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au 16, na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, ya matumbawe na chokaa. Waliojenga walipachika kwenye nguzo sahani na bakuli za kaure kutoka China. Leo utaona zaidi mashimo ya mviringo kuliko kaure, kwa kuwa nyingi zimebanduliwa. Vaa viatu vya kufunika miguu, nguo ya heshima, na usikae juu ya kaburi kwa ajili ya picha. Haya, tofauti na Boma, sheria inayalinda bila kuombwa, na mashimo yale yapo vilevile.

Asiye na nauli wala Jumamosi aanze Mlimani. Chuo kilianzia Mtaa wa Lumumba mwaka 1961, katika jengo la TANU, kikapanda kilimani 1964. Sam Ntiro, mchoraji aliyewahi kuwa balozi wetu London, alifundisha hapa, na picha yake moja ilinunuliwa na jumba la sanaa la MoMA la New York mwaka 1960. Kama nyumbani kuna noti ya zamani ya shilingi 500 iliyosahaulika kwenye kabati, njoo nayo. Igeuze nyuma: ni Ukumbi wa Nkrumah. Tunakutana mbele ya ukumbi huo jioni baada ya kazi, kila mtu na noti yake au ya jirani, tunatafuta aliyechora alisimama wapi.