Geji ikidanganya, huenda yenyewe ni nzima

Wenye magari ya zamani ya michezo wengi huamini kwamba geji ya mafuta au ya joto la injini ikisoma vibaya, basi imekufa na inunuliwe nyingine. Inaeleweka: mshale ndio unaoonekana.

Chukua Triumph Spitfire ya Uingereza, ya miaka ya 1970. Geji hizo mbili hulishwa na kifaa kimoja kidogo nyuma ya dashibodi, kinachopunguza umeme wa betri hadi wastani wa volti 10. Kikikosa kugusana vizuri na bodi ya chuma ya gari, umeme hupita wote, na mishale yote miwili husoma juu kuliko kawaida. Kwa hiyo zikikosea pamoja, anza hapo.

Ikikosea moja, chomoa waya kwenye sensa yake (kifaa kinachopima mafuta tangini au joto kwenye injini), washa swichi ya gari: mshale ubaki chini. Zima, unganisha waya huo na bodi, washa kwa sekunde chache: mshale upande juu, tena polepole, ndivyo zilivyoundwa. Ukitii, geji na waya ni vizima. Mgonjwa ni sensa, muunganisho wake na bodi, au, kwa geji ya mafuta, boya lake lililotoboka tangini. Karibu na tangi usiguse waya swichi ikiwa imewashwa. Cheche na mvuke wa petroli havipatani.