Bia Chungu Si Bia Kali

Jumamosi iliyopita shemeji yangu alikuja kutoka Kakoneni, nikamkaribisha barazani hapa Muyeye, Malindi, na kumwekea glasi mbili za bia ninayopika mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa eli yangu chungu, eli ikiwa ni aina ya bia. Alipoionja tu uso ulimkunjika, akairudisha mezani. "Shemeji, hii ni kali mno, na mimi nimekuja na pikipiki." Akavuta ile ya pili, laini, yenye utamu kidogo. Akaimaliza, akaomba nyingine, akaomba ya tatu, kisha akasimama kutafuta ufunguo.

Glasi zile mbili zimetoka kwenye kimea kimoja, hamira moja, siku moja. Zote ni asilimia 7.5. Kilichozitenga ni hopsi tu, yale maua yanayotiwa kwenye bia kuleta uchungu. Ufunguo niliuficha, akalala kwetu, asubuhi akanywa kahawa tungu kwa mahamri akaenda zake salama. Lakini neno lile, "chungu kwa hivyo kali", nimelisikia kwa wageni, kwa majirani, hata kwa watu waliofanya kazi miaka mingi katika baa za hoteli, na limenichosha.

Nyumba gani Malindi haijawahi kuchemsha majani ya muarobaini? Yanywe, ulimi utakufa ganzi, na kileo humo hakimo. Shubiri mama huipaka kwenye titi mtoto aache kunyonya. Wazee wetu wanaotoka msikitini huzunguka mdila wa kahawa tungu na wanaijadili dunia nzima kwa akili timamu. Soda ya toniki uchungu wake ni wa kwinini. Upande wa pili, Konyagi ni asilimia 35, na uchungu wa muarobaini hutaupata humo hata ukitafuta na taa. Busaa hulewesha bila hopsi. Ukitaka mfano wa bia kwa bia, Pilsner Urquell, inayopikwa Plzeň, Jamhuri ya Cheki, tangu 1842, ni asilimia 4.4 tu na ni chungu waziwazi. Westmalle Tripel ya Ubelgiji ni asilimia 9.5 na uchungu wake ni mdogo kuliko wa eli yangu.

Nadhani kosa hili sisi watu wa pwani tumelitoa kwenye mnazi. Mgema akishuka asubuhi, utomvu uliodondoka kutoka kwenye karara ni mtamu, kwa sababu ndio kwanza umeanza kuchacha. Kufikia jioni sukari imeliwa, kileo kimepanda, na tunasema mnazi umekuwa mkali. Mtu aliyekulia karibu na mangwe, kilabu cha mnazi, amejifunza tangu utotoni kwamba tamu ni nyepesi na kali inaangusha. Kwa mnazi wa siku hiyo hiyo, ni kweli. Lakini hebu uache siku kadhaa. Utazidi kuwa mkali kwenye ulimi huku kileo kinapungua, kwa sababu vijidudu vya siki vinakula kile kileo na kukigeuza asidi. Mwisho wake ni siki ya kutilia kachumbari. Kwa hiyo hata kwenye mnazi wenyewe ulimi unadanganyika, na tena hapo tunazungumzia uchachu. Uchungu haujatajwa bado.

Lugha yetu ina maneno manne tayari, nasi tunayatupa yote kwenye kapu moja la "kali". Uchungu ni wa muarobaini. Uchachu ni wa ukwaju na mnazi uliolala. Ukakasi ni ule wa bibo bichi, unaokausha ulimi na kuyabana mashavu kwa ndani. Ukali, kwa maana ya kileo, ni joto linaloshuka kooni mpaka kifuani. Uchungu wa hopsi ni safi, huja nyuma kidogo ya mdomo, hukaa, kisha hukuacha na hamu ya funda jingine. Ukakasi haukuachi na hamu ya kitu. Mtu akiniambia bia yangu ni chungu, namshukuru. Akiniambia ina ukakasi, nakaa chini kutafuta nilipokosea.

Na nimekosea sana. Miaka yangu ya mwanzo nilipika kwa maji ya kisima. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yamejaa chokaa na bikaboneti, na mara nyingine chumvi. Maji hayo hukizuia kimea kisifikie asidi inayotakiwa, karibu pH 5.3, na pH inapopanda kuelekea 6, yaani asidi inapopungua, maganda ya shayiri hutema tanini, ile inayoleta ukakasi. Nikawa napunguza hopsi nikidhani zimezidi, na bia inabaki ileile, inabana mashavu kama bibo. Hopsi hazikuwa na hatia. Sasa navuna maji ya mvua wakati wa masika na kuyatia jasi, gramu 10 kwa lita 25, jasi safi ya chakula, si ile ya dari. Jasi huleta salfeti, na salfeti ndiyo inayoukausha uchungu ukawa mkavu na safi. Mji wa Burton upon Trent kule Uingereza ulijengea sifa yake ya eli juu ya maji ya namna hiyo. Maji ya bomba yanayotoka Baricho, kandokando ya mto Sabaki, hufaa pia ukiyachemsha kwanza na kuyaacha yatulie.

Mapishi yenyewe si hadithi ndefu. Kimea kilo 6.5 kwa lita 20, nyuzi 65 kwa saa moja, haidromita, kipimo cha uzito wa maji yenye sukari, inasoma 1.070. Nagawa sufuria mbili, lita kumi kumi. Sufuria ya bia chungu inapata gramu 20 za hopsi zenye asilimia 14 ya asidi ya alfa, chanzo cha uchungu wake, mwanzoni mwa mchemko wa dakika 60, kisha gramu 15 zikibaki dakika 15. Ile nyingine inapata gramu 4 tu. Hopsi zenyewe huja na mizigo ya ndugu, kwa sababu mmea huu unataka mchana mrefu wa kiangazi, kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo, na Malindi tuko nyuzi 3.

Hapa ndipo ningependa shemeji angekuwepo jikoni. Asidi ya alfa haina uchungu wa maana mpaka ichemke ibadilike umbo na kuyeyuka, na kwa maji ya kimea yaliyo mazito kwa sukari kama haya ni kama sehemu moja kati ya tano tu inayofika. Moto unapozimwa, uchungu umekamilika. Onja: ni tamu na chungu kwa pamoja, na kileo ni sifuri, kwa sababu hamira bado imo kwenye pakiti. Hamira itakuja baadaye kula sukari, na sukari ya sufuria zote mbili ni ileile. Haidromita zikifika 1.013, tofauti ni 0.057, zidisha kwa 131.25, namba ya kugeuza tofauti hiyo kuwa asilimia ya kileo, unapata 7.5 na kidogo pungufu. Hakuna mahali popote kwenye hesabu hiyo pa kuandika hopsi.

Kuna ukali mmoja ambao ni wa kweli na ni kosa la mpishi. Hamira ya kawaida ya eli inataka nyuzi 18 hadi 22. Chumba changu mwezi Februari hakishuki chini ya 28. Hamira ikizidiwa na joto hutoa vileo vizito vinavyochoma koo, na mnywaji husema "kali" ilhali asilimia ni ileile. Nilihangaika na ndoo za barafu ya wavuvi na kikoi kibichi mpaka nilipopata kveiki, hamira ya mashambani Norwe, inayofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 35. Imenipumzisha.

Sasa niseme na yale yanayonitia shaka. Nikisema bia yangu ina IBU 74, yaani kipimo cha uchungu wa bia, hiyo ni hesabu ya karatasi. Maabara ingepima mwanga wa nanomita 275, nami sina maabara. Pili, kileo chenyewe kina uchungu kidogo kwa baadhi ya watu, kwa hiyo ulimi wa shemeji haukuwa mjinga kabisa. La tatu ndilo linalonisumbua. Hopsi mbichi zikitiwa baada ya kuchacha, kwa ajili ya harufu, zina vimeng'enya vinavyovunja wanga uliobaki, na hamira huamka na kula tena. Waingereza walikwisha kuliona jambo hili mwaka 1893. Kwa hiyo hopsi zinaweza kupandisha kileo kidogo, na chupa zikapasuka usiku. Lakini hopsi hizo hazikuchemshwa, na uchungu wake ni mdogo. Aliyepandisha kileo ni kimeng'enya.

Ukiionja bia chungu, usiitoe kwenye friji na kuinywa hapo hapo; iache ifike nyuzi 10 au 12, na usiiweke juani kwenye glasi, mwanga wa jua huiharibu harufu kwa dakika chache. Funda la kwanza lisikutishe. Usitoe hukumu kabla ya la tatu. Kunywa na samaki wa kupaka, tui litaulainisha uchungu; na pilipili nyingi itauchochea, jiandae. Kileo usikisake kwenye ulimi. Subiri kifuani.

Tangu Jumapili kila chupa naiandika kwa kalamu ya wino mzito, asilimia kwanza, IBU chini yake. Shemeji ameahidi kurudi wiki ijayo. Nimemwambia aje na matatu.