Kuchagua mizani ya kupimia kostiki na mafuta ya sabuni

Watu wengi wanaotengeneza sabuni nyumbani huchagua mizani kwa kuangalia namba zilizo nyuma ya nukta. Kioo kikionyesha 0.00 wanaridhika, kikionyesha 0 peke yake wanairudisha kwenye boksi. Mimi ni fundi mizani, na sehemu kubwa ya wateja wangu siku hizi ni akina mama na vijana wa sabuni. Nataka kueleza kwa nini swali la kwanza dukani liwe jingine kabisa: je, mizani hii nikiipa kitu kilekile mara kwa mara, itanipa jibu lilelile?

Tuanze na hesabu ya sabuni yenyewe, maana ndiyo inayoamua unahitaji mizani ya namna gani. Kostiki ndiyo kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu moja ya mafuta ya nazi hula takribani gramu 0.183 za kostiki soda, na gramu moja ya mawese hula takribani 0.142. Chukua gramu 300 za nazi na gramu 700 za mawese: ya kwanza inahitaji gramu 54.9, ya pili 99.4, jumla 154.3. Hakuna anayeweka zote. Tunapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa na sabuni isichune ngozi, kwa hiyo unapima gramu 146.6. Pengo kati ya sabuni laini na sabuni inayounguza ni gramu 7.7 tu, na ndani ya pengo hilo ndimo makosa yote ya mizani yako yanapaswa kuenea.

Kwa chungu cha kilo moja ya mafuta, mizani ya jikoni inayohesabu gramu mojamoja inaweza kukutosha ikiwa ni nzima. Ikikosea gramu mbili, pengo bado lipo. Shida huanza kwenye sampuli. Mtu anataka kujaribu harufu mpya, hataki kupoteza mafuta, anatumia gramu 100. Sasa kostiki inayotakiwa ni gramu 14.7 na pengo lote limebaki chini ya gramu moja. Mizani ileile iliyokuwa salama jana leo haifai, kwa sababu kosa lake la gramu moja linatosha kumaliza akiba yote ya mafuta na kubakiza kostiki kwenye sabuni. Kanuni ninayowapa wateja ni hii: kitu unachopima kiwe angalau mara 100 ya hatua ya mizani, yaani badiliko dogo kabisa ambalo kioo kinaweza kuonyesha. Mizani ya hatua ya gramu 1 isipimie kitu chini ya gramu 100; ya hatua ya 0.1 isipimie chini ya gramu 10. Chini ya hapo, hatua moja peke yake inapita asilimia moja ya kitu unachopima.

Hapa naomba nisimame kidogo kwenye jambo linaloharibu sabuni nyingi kuliko mizani mbovu. Wapo wanaopima kostiki kwa gramu na mafuta kwa lita, wakichukulia lita moja ni kilo moja. Lita ya mawese au ya nazi ina gramu 910 hadi 920 hivi. Ukiweka zile gramu 146.6 za kostiki kwenye lita moja ya mchanganyiko wetu wa juu, kostiki imezidi kwa gramu tano hivi, hata kama mizani yako ni ya maabara. Mafuta yapimwe kwa uzito. Hakuna mjadala.

Na yapimwe kwenye mizani ileile iliyopima kostiki. Sababu ni hii. Mizani ya kidijitali ya bei ya kawaida haipimi wingi wa kitu moja kwa moja. Inapima jinsi dunia inavyokivuta kitu kile. Mvutano huo hautoshani kila mahali. London ni takribani 9.81 na Dar es Salaam ni takribani 9.78, kwa mita kwa sekunde kwa sekunde. Mizani iliyosawazishwa London ikiletwa Dar bila kusawazishwa upya, kilo moja itasoma karibu gramu 997. Kwa anayenunua dhahabu hiyo ni hasara ya kweli. Kwa mtengeneza sabuni si kitu, mradi mafuta na kostiki vyote vimepita kwenye mizani moja, maana vyote vimepungua kwa uwiano uleule na sabuni inajali uwiano. Ukipima mafuta kwenye mizani ya saa ya sokoni, ambayo mstari wake mmoja mara nyingi ni gramu 50, kisha kostiki kwenye kamizani ka mfukoni ka sonara, umeachana na faida hiyo.

Kwa hiyo mizani ninayopendekeza kwa anayefanya kilo moja au mbili za mafuta ni ya kubeba kilo 3 kwa hatua ya gramu 0.1. Kumbuka kwamba ndoo au jagi nalo linahesabika kwenye mzigo, hata ukiwa umerudisha namba kwenye sifuri baada ya kuliweka. Ya mfukoni yenye hatua ya 0.01 inunuliwe baadaye, kwa ajili ya rangi na manukato ya sampuli.

Dukani usikubali kuonyeshwa kioo tu. Weka chupa ya maji iliyofungwa, soma, iondoe, irudishe, tena na tena. Namba ikicheza zaidi ya hatua moja au mbili, achana nayo. Kisha sogeza chupa kwenye kona zote nne za sahani. Mizani duni hutoa jibu tofauti kila kona. Jaribio la tatu watu hawalijui: chupa ikiwa juu na namba imetulia, dondosha chumvi punje chache chache, polepole. Mizani nyingi zimetengenezwa kufuta mabadiliko madogo ili sifuri isiyumbe, na nyingine hufanya hivyo hata zikiwa na mzigo. Utamwaga chumvi na namba isisogee. Ukiwa na mizani ya namna hiyo, usiongeze kostiki chembe kwa chembe ukisubiri namba ifike; iweke kwanza kwenye chombo cha pembeni, kisha imimine kwa mkupuo kwenye chombo kilicho juu ya mizani. Angalia pia inajizima baada ya muda gani. Ikizimika ukiwa katikati ya kumimina mafuta, hesabu imepotea.

Kostiki ni adui wa mizani kwa njia mbili. Inanyonya unyevu wa hewa, hivyo ikiachwa wazi kwenye joto la pwani unaanza kupima maji ukidhani ni kostiki. Ifunge, pima haraka. Na inakula aluminiamu. Sahani ya juu huenda ni chuma kisichoshika kutu, lakini ndani, chini yake, kipande kinachopinda ili mizani isome mara nyingi ni aluminiamu. Mizani za wenye sabuni ninazozifungua huwa na weupe wa unga hapo. Funika mizani kwa nailoni nyepesi kabla ya kurudisha sifuri, pimia kwenye chombo cha plastiki kigumu, vaa miwani na glavu, na kostiki iende kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki.

Nunua na jiwe moja la mizani la gramu 200 la daraja la M1. Kosa linaloruhusiwa kwake ni miligramu 10, dogo sana kwa kazi yetu. Liweke kila unapoanza kazi. Likisoma tofauti na kawaida, badilisha betri kwanza, kisha zima feni, kisha ndipo umtafute fundi.

Hayo yote ni ya jikoni kwako. Ukianza kuuza sabuni kwa uzito, mizani ya kuuzia ni suala la Sheria ya Vipimo ya Tanzania, Sura ya 340: lazima ihakikiwe na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Mizani za jikoni hazikutengenezwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo waulize Wakala kabla hujalipia.