Nani Alilala Kitanda cha Jirani?

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikikusanya masimulizi ya wazee waliosoma Tabora miaka ya Vita Kuu ya Pili. Mwanzoni nilikuwa nakosea swali. Salamu zikiisha na chai ikifika, nauliza: "Mzee, Nyerere alikuwaje shuleni?" Majibu yalinyooka kama risala ya Saba Saba. Mwenye akili, mpenda midahalo, mnyenyekevu. Naandika, naaga, naondoka na daftari lisilo na kitu kipya.

Mzee mmoja wa Ng'ambo, pale pale Tabora mjini, ndiye aliyenikatiza. "Mwanangu, huyo unamjua tayari. Mbona huniulizi nani alilala kitanda cha jirani?"

Tangu siku ile ndilo swali langu la kwanza. Ukiuliza habari za kiongozi, mtu anakupa historia aliyoisikia redioni. Ukiuliza kitanda cha jirani, anafumba macho kidogo, analitembelea bweni: huyu alikuwa anakoroma, huyu alikuwa na blanketi la mama yake, huyu alikwenda vitani. Jina moja linavuta jingine, na baada ya saa moja una safu nzima ya vijana ambao hakuna kitabu kinachowataja.

Kwa msomaji asiyeijua shule yenyewe: Shule ya Serikali Tabora ilianzishwa miaka ya 1920, na lengo lilikuwa kuwalea watoto wa machifu waje kutawala kwa niaba ya Waingereza. Ilikuwa na viranja, gwaride, michezo na nidhamu ya kunakili shule za mabwana wa Uingereza. Baadaye vijana wa kawaida waliofaulu mtihani nao wakaingia. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alifika 1937. Abdallah Fundikira, wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, naye alipita hapo. Vijana hawa walikula uji wa sufuria moja. Mwaka 1939 vita vikaanza, na njia zikaanza kugawanyika.

Tanganyika ilitoa askari wapatao 87,000. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo kijana aliyemaliza darasa la nane au la kumi alikuwa lulu jeshini: karani, mpeleka habari kwa redio, mganga msaidizi, mwalimu wa askari wenzake. Mzee wangu wa Ng'ambo alichukuliwa kwa njia hiyo. Alinifungulia sanduku la mbao, akatoa kifurushi cha kanga iliyopauka. Ndani mlikuwa na kitabu cha mshahara wa askari, kurasa zimekuwa laini kama kitambaa, na nyota ya shaba yenye ncha sita, ile waliyopewa waliopigana Burma. Niliigeuza kutafuta jina lake. Nyuma ilikuwa tupu. "Hawakuandika," alisema, "lakini mimi najua ni yangu." Alivuka mto Chindwin mwisho wa 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akiwa amebeba mashine ya kuandikia mgongoni badala ya bunduki ya ziada, kwa sababu ofisi ya kikosi ilikuwa inatembea na kikosi. Aliporudi, akawa karani wa bohari kwenye reli hadi alipostaafu.

Na jirani yake wa kitanda? Huyo alipelekwa Chuo cha Makerere, Uganda.

Hapa ndipo wengi tunapodhani tumeshaelewa: mwenye akili zaidi akaenda chuo, mwingine akaenda vitani. Siamini hivyo tena. Mzee huyu alikuwa akinisomea kwa kichwa mashairi ya Kiingereza aliyofundishwa 1940, bila kukosea mstari. Mara nyingi kilichoamua ni mwaka uliomaliza shule, na baadaye, kwa nguvu zaidi, kilichoamua ni nani anayekulipa mshahara.

Tuwatazame wa Makerere. Mwaka 1943 walikuwa pale Nyerere, Hamza Mwapachu, Andrew Tibandebage na Vedasto Kyaruzi, nao wakaunda umoja wa wanafunzi wa Tanganyika wa kutetea ustawi wa Waafrika. Wanne, chuo kimoja, mawazo yanayokaribiana. Kyaruzi alisomea udaktari, akaajiriwa na serikali. Mwaka 1950 akawa rais wa TAA (Tanganyika African Association), chama kilichoitangulia TANU, huko Dar es Salaam, na katibu wake akawa Abdulwahid Sykes, aliyekuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, huko Burma. Mimi huona meza ile kama mahali ambapo Makerere na Burma zilikaa pamoja kwa mara ya kwanza. Haikudumu. Daktari wa serikali huhamishwa kwa barua moja tu: Kyaruzi akapelekwa hospitali ya gereza la Kingolwira, Morogoro, kisha Nzega. Mwapachu alikwenda kusomea ustawi wa jamii Uingereza, akarudi kuwa mtumishi wa serikali, na mwaka 1953 alikuwa Nansio, kisiwani Ukerewe, mbali na kila mkutano.

Mwaka huo huo serikali ikatoa waraka wa kuwazuia watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Sasa rudi nyuma hadi 1946. Nyerere alipotoka Makerere, alitakiwa na shule mbili za Tabora, ile ya serikali aliyosoma na St. Mary's ya wamisionari Wakatoliki. Alichagua St. Mary's. Aliporudi kutoka Edinburgh akafundisha Pugu, ambayo nayo ilikuwa shule ya misheni. Kwa hiyo waraka ulipotoka, haukumgusa. Aliendelea kuwa rais wa TAA, cheo alichochaguliwa mapema mwaka huo wa 1953, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Alipoambiwa 1955 achague kati ya ualimu na siasa, akaacha ualimu, lakini alikuwa ameshapata muda ambao wenzake walinyimwa. Simpunguzii chochote. Nasema tu kwamba wenzake hawakukosa ujasiri. Walikuwa na mwajiri mwingine.

Fundikira alifuata njia ya tatu. Alisomea kilimo Makerere, akafanya kazi serikalini, na 1957 akakalia kiti cha utemi wa Unyanyembe. Uhuru ulipokuja akawa Waziri wa Sheria katika serikali ya kijana mwenzake wa Tabora. Mwaka 1963 nguvu za machifu zilifutwa, na mwaka huo huo yeye akatoka TANU kwa kupinga mpango wa chama kimoja. Miaka karibu thelathini baadaye, vyama vingi viliporudi, akaibuka akiongoza chama chake cha upinzani, UMD. Mwapachu hakuyaona hayo, alifariki 1962. Kyaruzi aliiwakilisha Tanganyika Umoja wa Mataifa ilipojiunga.

Nilimsomea mzee wangu orodha hii yote jioni moja barazani. Alisikiliza akiwa ameishika ile nyota. Nilipofika kwa jirani yake wa kitanda, aliyerudi kutoka Makerere na kufundisha maisha yake yote katika shule moja ya kijijini bila kutajwa popote, aliinua mkono ninyamaze. Walikuwa wakiandikiana kila Krismasi na kila Idi, alisema, mmoja Mkristo na mmoja Mwislamu, hadi mwaka barua ilipokosa kuja. Akaingia ndani, akarudi na picha ya darasa. Nyuma yake, kwa penseli, yalikuwa yameandikwa majina yote, safu kwa safu, kwa mwandiko wa rafiki yake.

Kama nyumbani kwenu kuna picha ya namna hiyo, ya babu amesimama na kaptura nyeupe kati ya wenzake, itoe ukutani leo uigeuze. Andika majina yaliyopo kabla penseli haijafutika. Yasiyopo, muulize bibi wakati bado anakumbuka.