Rimoti Ikichoka, Alamu ya Gari Haijafa

Wamiliki wengi wa magari Dar es Salaam huamini kwamba rimoti ya alamu ikiacha kuitikia, mfumo mzima umekufa na hauna budi kubadilishwa. Si kweli. Mara nyingi kilichokwisha ni betri bapa ya volti 3, aghalabu CR2032, au swichi ndogo chini ya kitufe, ambayo fundi wa elektroniki pale Kariakoo huibadilisha kwa lehemu. Ganda likipasuka, hununuliwa ganda tupu. Lakini kwa funguo zenye kinga ya injini dhidi ya wizi, chipu ndogo isiyotumia betri (hapa ndipo wengi huponzwa) lazima ihamishwe kutoka ganda la zamani, la sivyo milango itafunguka na injini isiwake. Hata rimoti ikipotea, alamu nyingi hukubali kusajiliwa rimoti mpya inayooana nazo.